Mliouza pikipiki zenu za XL, DT na CG mkabaki na helmeti, njooni tuhesabiane (Moshi na Arusha)

Mzee wa Plagi

Wakuu, shikamooni mlionizidi umri, wengine habari za saa hizi.

Jumamosi nilikuwa Kiboriloni natafuta koti la mvua la mtumba. Nimeinama kwenye rundo, nikasikia pikipiki inashuka kutoka Old Moshi. Niliijua kabla sijainua kichwa: reng-teng-teng, kimya kidogo, reng!, kimya, reng! Halafu ikanifikia harufu ya oili ya 2T, ile ya injini ya mipigo miwili, iliyoungua. Nikamtupia muuzaji koti lake, nikakimbilia barabarani. Nikakuta moshi tu unaning'inia hewani na Fuso la ndizi limenikinga. Namba sikuiona.

Ila dereva wake nilimjua ni wa zamani hata bila kumwona sura. Siku hizi vijana wakishuka mlima wanafunga mafuta, gia inashika, basi. Kwa injini ya mipigo minne hakuna neno. Kwa ile ya mipigo miwili ni kuiua taratibu, maana oili inaingia silinda ikifuatana na petroli. Ukifunga mafuta umeinyima na oili, na huku mteremko unaizungusha kama kichaa. Ndiyo maana wazee wa Kibosho na Uru walikuwa wanashuka wanaigusagusa: reng!, reng! Yule wa Jumamosi alifundishwa na mtu aliyewahi kuua pistoni.

Sasa niseme kilichoninyima usingizi. Mimi nilikuwa dalali wa pikipiki hapa mjini kuanzia 1987 hadi 2008, kijiwe changu Mbuyuni. Daftari ninalo bado, kaunta buku la jalada jekundu: namba, rangi, aliyeuza, aliyenunua, bei mbili. Usiku ule nimelihesabu lote. Pikipiki 41, zote za Kijapani. Honda XL, CG, C70 na C90, Yamaha DT na AG100, Suzuki TF na A100, Kawasaki mbili tu. Leo nimebaki na ngapi? Hakuna. Nina helmeti moja na spana ya plagi.

Nianze na ya nyumbani, ambayo haimo kwenye daftari. Baba alinunua Honda C90 mwaka 1977. Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, bei ya kahawa duniani ikapaa, na kwetu mlimani watu wakaanza kutembea kifua mbele. Baba alipopokea malipo yake ya KNCU, ule ushirika wa kahawa wa Kilimanjaro, mama akataka bati, yeye akataka Honda. Wakasuluhishwa na babu: Honda, pamoja na bati za upande mmoja wa paa. Upande wa pili uliendelea na nyasi mpaka 1981.

C90 haina klachi ya mkono. Unakanyaga kwa vidole gia inaingia, unakanyaga kwa kisigino inarudi, hata shangazi aliweza. Shida ikawa spea. Mpaka wa Kenya ulifungwa 1977, ukafunguliwa 1983, na katikati hapo tyubu ilikuwa dhahabu. Njia za panya za Holili kwenda Taveta zilikuwepo, lakini bei ya huko iliuma kuliko kutembea kwa mguu. Kuna wakati tulijaza majani makavu ya mgomba ndani ya tairi la nyuma, tukaenda nayo kanisani Jumapili tatu. Ilikuwa inayumba kama mtu aliyetoka kwenye pombe ya mbege, lakini inafika.

Baba aliiuza Januari 1986 kwa mtu wa Same, ada ya wadogo zangu. Mnunuzi alipokuja, baba hakutoka ndani. Mimi ndiye niliyekabidhi ufunguo, nikamwonesha jamaa gia zinavyoingia, akanipa shilingi mia ya chai. Hapo ndipo nilipojua kumbe kuna kazi ya namna hii.

Tupieni za kwenu. Narudi na daftari.

Chalii wa Sakina

Heshima yako dingi, ila naona mnalilia vyuma chakavu. Boxer yangu kwa lita moja natoka Sakina nafika Usa River na kurudi. Hayo madude yalikuwa yanakula petroli na oili juu. Tukubali tu Wajapani walishapitwa, saa hizi ni Mhindi na Mchina.

Siti ya Mbele

Nimeshakaa. Nani ana karanga.

Mwalimu Mstaafu

Mzee wa Plagi, simulizi tamu lakini naomba urekebishe hapo kwenye malipo. Mwaka 1977 KNCU haikuwepo. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa 1976, kahawa ikawekwa chini ya Mamlaka ya Kahawa, na ushirika ukaja kurudi kwa sheria ya 1982. Baba yako alilipwa, sikatai, ila si na KNCU.

Mimi nilikuwa na Suzuki TF125 ya kazini, nikizungukia shule za Usangi. Keria nyuma, keria mbele, nabeba mitihani, chaki, na mara mbili jogoo. Nilipouziwa ikawa yangu halali, nilikaa nayo miaka minne. Nilimuuzia kijana wa Mwanga. Kila nikikutana naye ananiambia "Mwalimu, ipo", na mimi sijawahi kuthubutu kwenda kuiona.

Mzee wa Plagi

Mwalimu, kiboko nimekipokea. Kwetu hela yoyote ya kahawa iliitwa ya KNCU, hata KNCU yenyewe ikiwa kaburini.

Chalii wa Sakina, njoo ukae hapa karibu. Hiyo Boxer unayoivimbia ina wajomba Japani. Bajaj alishirikiana na Kawasaki tangu miaka ya 1980, na Boxer za mwanzo huko India ziliuzwa zikiwa na jina la Kawasaki ubavuni. TVS naye alishirikiana na Suzuki, wakaachana 2001. Na zile za Kichina zilizotujaa hapa, ambazo sote tuliziita Toyo hata kama zimeandikwa jina jingine, nyingi injini yake ni nakala ya Honda CG125.

Nikueleze ya CG maana ndiyo iliyonifungia biashara. Ilitoka 1976. Kabla ya hapo Honda alituma wahandisi wake nchi za Asia wakaangalie watu wanatumiaje pikipiki. Wakakuta oili haibadilishwi, cheni imelegea kama mkufu, matope mpaka kwenye masikio, na chombo cha watu wawili kinabeba familia. Wakarudi kwao wakatengeneza chombo cha watu hao. Wakaachana na kamshafti (mhimili unaofungua valvu) ya juu ya silinda na cheni yake, valvu zikasukumwa na fimbo kutoka chini, cheni ya nyuma ikafungiwa ndani ya boksi. Yaani Honda alikaa akabuni pikipiki ya mtu asiyejali. Ndiye mimi huyo, na wewe, na wote tunaosoma hapa.

Sasa kitu kilichobuniwa kivumilie kila mtu ni rahisi pia kwa kila mtu kukiiga. Mwaka 2007 nilikuwa na CG ya bluu, safi kabisa, nimekaa nayo kijiweni miezi mitano. Mteja anakuja, anaizunguka, anaipenda, anauliza bei. Kesho yake anapita na ya Kichina mpya ya dukani, plastiki haijavuliwa kwenye siti, ina injini ileile ya kusukumwa na fimbo. Ananipungia mkono. Ningemwambia nini? Kwamba yangu chuma chake ni kizuri zaidi? Nilimwambia. Akasema mzee, yangu ina kadi ya jina langu.

Chalii wa Sakina

Daah. Hiyo ya Kawasaki nilikuwa sijui. Nimemuuliza fundi wangu hapa Mianzini naye kasema ndivyo. Endelea dingi, nimekaa.

Fundi Unga Limited

Naingia kama mtu wa spana. Mwenye CG ya zamani aliyoitelekeza asiitupe, hiyo ndiyo nyepesi kuliko zote kuifufua, na sababu ni hiyohiyo aliyosema mzee. Bloku, pistoni, sahani za klachi, gasketi, vyote vya zile nakala vinakaa, au vinakaa ukishavipiga tupa kidogo. Taa ndiyo shida, zile za kwanza ni volti 6. Usiku unaendesha na kibatari, ukipunguza mafuta na taa inainamisha kichwa.

DT ni habari nyingine. Pistoni zake zinakuja kwa kuongezeka robo milimita. Silinda ikilika unaichonga, unaweka ya robo, tena ya nusu, tena ya robo tatu, mpaka milimita moja. Hapo chuma kimekwisha, labda uivalishe sleevu, bomba jipya la ndani ya silinda, na uombe Mungu. Nyingi zilizofika kwangu zilikuwa zimechongwa mpaka mwisho, na mwenye nayo anaapa haijawahi kufunguliwa.

Mzee wa Plagi, nina swali, na usikasirike. Mwaka 1998 nilinunua DT175 pale Mbuyuni kwa dalali mrefu mwenye kofia ya kijani. Ilitoa moshi mweupe, akaniambia "hizi ndivyo zilivyo, isipotoa moshi ndiyo mbovu". Nilifika nayo Boma Ng'ombe gia zikaanza kulia. Kumbe sili ya krenki upande wa klachi imekufa, injini inakunywa oili ya gia. Huyo dalali unamfahamu?

Siti ya Mbele

Karanga zimepatikana.

Mzee wa Plagi

Kofia ya kijani ni mimi. Nimeangalia, ni namba 29. Na ukweli wote, niliitia oili nzito ya gia ili isinyweke haraka. Nilipiga hesabu itakufikisha Arusha. Nilikosea kwa kilomita kama hamsini hivi. Samahani, fundi, kwa miaka yote hiyo.

Acha nimwage mboga zote, zitawasaidia mnaonunua leo. Pikipiki ya kuuza inawashwa alfajiri kabla mteja hajaja, inachemka, inazimwa, inafutwa vumbi. Mteja akifika inashika kiki ya kwanza. Mnunuzi mjanja hagusi kiki kwanza, anaweka kiganja kwenye bloku. Ikiwa ya moto anasema "nitarudi jioni", na dalali anajua ameshikwa.

Jingine, vua plagi. Ikiwa na rangi ya kahawa iliyokaangwa kidogo, mchanganyiko uko sawa. Nyeusi na imelowa, ringi za pistoni au kabureta ndiyo mbovu. Nyeupe kama mfupa, injini inakosa mafuta na inaungua, kimbia. Sisi tulikuwa na plagi moja nzuri sana ya kuonesha wateja. Ilizunguka kwenye pikipiki kumi na moja. Jina langu la humu limetokana na hiyo.

Halafu kuna kupanda. Usijaribishe pikipiki Barabara ya Boma, tambarare, utasema ni ndege. Ipandishe Marangu mpaka getini, huko juu hewa ni nyepesi, kabureta inaanza kumwaga petroli nyingi kuliko hewa, na ugonjwa wowote uliofichwa unatoka nje. Wateja wangu wa mlimani walijua hilo, kwa hiyo wa mlimani niliwauzia nzima. Wa tambarare, samahanini.

Fundi Unga Limited

Nimekusamehe kwa sababu hiyo DT ndiyo iliyonifundisha ufundi. Niliifungua mwenyewe kwa hasira. Tukionana utanunua nyama.

Binti wa Mkunga

Shikamoo mzee. Mimi si mtu wa pikipiki, nimeletwa na kaka yangu kwenye huu uzi.

Mama yangu alikuwa mkunga Kibosho. Alikuwa na Honda C70 nyekundu, ile yenye kinga ya plastiki ya miguu, ndiyo maana aliweza kuiendesha na sketi na soksi zake nyeupe zisichafuke. Masika ile njia ni udongo mwekundu wa kuteleza, wanaume walikuwa wanaanguka, yeye anapita na begi lake la vifaa kifuani. Tukiwa wadogo tulijua mtoto amezaliwa sehemu kwa jinsi anavyopiga honi akirudi. Aliiuza 1993, mimi nilikuwa naanza kidato cha kwanza. Baada ya hapo alitembea.

Naomba uangalie kama imo kwenye daftari. Tungependa kujua ilienda wapi.

Mzee wa Plagi

Marahaba mwanangu. Imo.

Namba 17. "C70 nyekundu, kinga ya mguu wa kushoto imepasuka, imeshonwa kwa waya. Muuzaji mama wa zahanati, Kibosho. 85,000." Pembeni, wino mwingine: "Mwanga, 140,000." Kati ya tarehe hizo mbili ni siku kumi na mbili.

Ile waya ilishonwa vizuri kuliko mafundi wengi ninaowajua. Sasa naelewa, ni mkono wa mkunga.

Nikiri na jambo ambalo nimeliona usiku ule, na ndilo lililonifanya nianzishe uzi. Daftari langu limejaa Januari. Katika 41, ishirini na sita nilizinunua Januari. Watu wanarudi mlimani Desemba, wanachinja, wanakunywa, wanacheka, halafu shule zinafunguliwa. Mimi nilikuwa nakaa Mbuyuni kuanzia tarehe mbili na hela niliyoiweka tangu Oktoba, nikijua watakuja. Nilikuwa siwaulizi wanataka ngapi. Naizunguka pikipiki, napiga tairi teke, naguna, nakaa kimya. Kimya ndiyo ilikuwa mtaji wangu. Mtu mwenye ada mfukoni nusu hawezi kuvumilia kimya, anajishusha bei mwenyewe.

Humu ndani tunasimulia kama vile tulizichoka, kwamba zilizeeka, zikala oili, zikapitwa. Mimi niliyezinunua nasema hapana. Hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuzia kwa kuichoka. Baba yangu alikuwa wa kwanza, na bado nikaifanya kuwa kazi.

Mwalimu Mstaafu

Ya kwangu niliiuza Januari pia. Sikutaka kuandika.

Binti wa Mkunga

Nimemsomea mama. Yupo, ana miaka 78, masikio mazima.

Amesema alijua unampunja. Ulinyamaza, naye akahesabu siku, zilikuwa zimebaki mbili shule ifunguliwe. Amesema ile hela ilitosha ada na sanduku la bati, na hilo sanduku analo mpaka leo. Ana swali moja tu, huyo wa Mwanga aliipaka rangi nyingine?

Mzee wa Plagi

Mpelekee mama shikamoo yangu. Hakuipaka. Alikuwa karani wa mnada wa ng'ombe, aliniambia ameipendea nyekundu. Niliiona mara ya mwisho Himo 1999, kinga bado ina waya.

Chalii wa Sakina

Dingi umetuvuruga. Nilikuja kubishana habari za Boxer, sasa naandika machozi yananitoka na abiria ananisubiri.

Mpya wa Ngaramtoni

Wakuu, hodi. Nimesoma kuanzia juu. Hapa nyumbani kuna Honda XL125S ya marehemu baba. Aliinunua kwenye mnada wa mradi mwaka 1990, akaiegesha 2006 alipoanza kuumwa. Tangu hapo iko kwenye banda la kuku, siti wameifanya kiota. Kadi ipo, ya jina lake, na mirathi tulishamaliza. Tanki lina kutu ila halijatoboka. Nimejaribu kupiga kiki haishuki kabisa, imegoma.

Nataka kuuza. Mzee wa Plagi, au Fundi, mnaipa bei gani? Ningependa wiki hii maana nina jambo linanibana.

Fundi Unga Limited

Niko tayari kuja kesho, ni jirani tu.

Mzee wa Plagi

Fundi, subiri kidogo, kaa hapohapo.

Kijana wa Ngaramtoni, usiipige kiki tena, na asije mtu akakwambia muisukume kwa gia ya pili. Ringi zimeshikana na silinda, ukilazimisha utazivunja. Vua plagi. Mimina oili ya injini vijiko viwili vya chakula kwenye tundu lake, ukipata mafuta ya dizeli ya kuchanganya nusu kwa nusu ni bora zaidi. Rudisha plagi kwa mkono, usiikaze. Iache siku nne, kila jioni ongeza kidogo. Siku ya tano iweke gia ya juu, shika gurudumu la nyuma, litikise mbele na nyuma taratibu kama unabembeleza mtoto. Ikijongea hata unene wa ukucha, niambie.

Mwaga petroli yote iliyobaki kwenye tanki na kabureta, ile si petroli tena, ni gundi. Kuku watafutie kiota kingine.

Bei sitaji. Hilo jambo linalokubana niandikie pembeni ni kiasi gani, tuone kama mimi na fundi tunaweza kukukopesha, kadi ikae kwako. Tuongee kuuza mwezi wa saba, ikiwa inawaka na wewe umeshaiendesha mpaka Monduli na kurudi.

Fundi, njoo na spana ya plagi. Yangu imelika.